Uani kwangu ni kivuli tupu, ukoka nimepanda mara mbili umekufa, nifanyeje?

Mama_wa_Uani

Habarini wakuu na wadau wote wa bustani, naombeni msaada maana nimefika mwisho. Nipo Tabata, Dar, nyuma ya nyumba nina kieneo kama mita 12 kwa 9, kimezungushiwa ukuta, kona ya mashariki kuna mwembe mkubwa wa dodo tuliukuta wakati tunanunua kiwanja, na upande wa magharibi jirani kajenga ghorofa. Nyumba yangu yenyewe ipo kaskazini ya huo uani, yaani ukifungua mlango wa jikoni unaangalia kusini.

Desemba mwaka juzi nikamwita jamaa wa bustani akaja na ukoka kwenye viroba, akachomeka chomeka akaniambia ukoka hauchagui mahali, we mwagilia tu. Kweli ukashika, mpaka watoto wakawa wanagaragara pale jioni hawataki kuingia ndani. Ilipofika mwezi wa 5 badala ya kutambaa ukaanza kurefuka kwenda juu, majani membamba ya njano, mwezi wa 7 ukishika unang'oka wenyewe mkononi kama uzi. Nikaambiwa udongo umechoka, nikaleta tripu ya udongo mweusi na samadi ya kuku, Januari mwaka huu tukapanda upya, na sasa hivi ni Juni naandika hapa hamna kitu. Kiangazi vumbi linaingia jikoni, masika tope, na chini ya mwembe mizizi imetokeza hata kuweka kiti kikae sawa ni shida.

Mama mkwe wangu anakuja kukaa na sisi, ni mtu aliyezoea kushinda nje, chini ya mti, ndani anajisikia kama kafungiwa. Nataka apate pa kukaa. Niweke mbolea gani? Au nimwage pevingi (vile vitofali vya kutandaza chini) kote nimalize? Mume wangu anasema tuukate mwembe, mimi roho inaniuma sana.

Chuma_Chakavu

Weka lile kapeti la nyasi za plastiki, habari imeisha.

Dada_Sinza

@Chuma_Chakavu kwangu nililitoa baada ya miezi 8. Chini ya mti majani yanadondoka kila siku, yanaoza juu ya kapeti, ukifagia yananasa kwenye zile nyuzi, na maji yakituama chini yake panatoa harufu. Chini ya mwembe ndo usijaribu kabisa, ukifika msimu maembe yaliyopasuka, nzi, sukari imeganda kwenye kapeti, utalia.

Mpima_Viwanja

Dada pole sana, ila jibu umeshaliandika mwenyewe hapo juu. Ukoka ulishika Desemba ukafa kuanzia Mei. Udongo ni ule ule, aliyehama hapo ni jua. Kazi yangu ni kupima viwanja kwa hiyo haya mambo ya kaskazini na kusini nashinda nayo.

Dar tupo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Desemba jua la mchana linakuwa limeegemea upande wa kusini, na kwa sababu nyumba yako ipo kaskazini basi linamwagika uani bila kizuizi chochote. Mwanzoni mwa Machi linapita utosini, likishapita hapo linahamia kaskazini na linakaa huko miezi yote mpaka kwenye tarehe 10 Oktoba hivi linapita tena utosini kurudi kusini. Juni ndio linakuwa mbali kabisa kaskazini, sasa kaskazini kwako kuna nini? Kuna nyumba yako mwenyewe. Mwezi huu, saa sita na ushei mchana, kila mita 1 ya urefu inalaza kivuli cha kama sentimita 58 kuelekea kusini. Paa likiwa na mita 4 na nusu hiyo ni mita 2 na sentimita 60 kutoka ukutani kwako, na hapo ni saa sita wakati kivuli cha nyumba kipo kifupi. Asubuhi mwembe umekaa mbele ya jua, mchana ukigeuka tu ghorofa la jirani linachukua zamu. Ongezea mawingu ya masika tangu Machi mpaka Mei. Huo ukoka ulikuwa unakufa njaa, na njaa ya jua haitibiki kwa samadi. Ule urefu wa kwenda juu uliouona ndio ulikuwa unautafuta mwanga.

Kwa hiyo usinunue kitu kwanza. Jumamosi moja ukiwa nyumbani chukua chokaa au unga wa dona ulioharibika, kuanzia saa mbili asubuhi kila lisaa pita uchore mpaka wa kivuli ardhini na uandike saa. Jioni utaona mwenyewe wapi pamepata jua masaa mangapi. Bahati nzuri unapima Juni, ni kipindi kibaya kuliko vyote kwa uani wa namna yako, kwa hiyo pakiwa na masaa manne matano sasa hivi pana matumaini mwaka mzima, isipokuwa pale karibu na ukuta wa kusini, Desemba ukuta huo nao utaweka kivuli kidogo, kama sentimita 30 kwa kila mita ya urefu wake.

Mama_wa_Uani

Mungu wangu. Mbona hakuna aliyewahi kuniambia hivi! Yaani pesa yote ile ya udongo. Jumamosi napima.

Miche_Bora

Nachangia kama muuza miche maana na sisi wauzaji tuna makosa, mteja akisema anataka nyasi unampa nyasi, humuulizi jua linaingia saa ngapi.

Ukoka unataka jua la kutosha, masaa sita na zaidi, chini ya hapo unaupa mateso. Nyasi inayovumilia kidogo ni ile ya Pemba, yenye jani pana nene, masaa manne inasukuma, lakini nayo ukiipeleka kwenye kivuli cha mwembe inakufa vile vile. Hakuna nyasi ya chini ya mwembe. Mwembe haupukutishi majani yote kwa mpigo kama mti wa miombo, una kivuli kizito mwaka mzima, halafu mizizi yake midogo midogo inayokunywa maji imejaa hapo juu juu, kwa hiyo unachomwagilia wewe unakunywa yeye.

Kuhusu kuukata, tafadhali USIKATE. Na usifanye kosa la watu wengi, wakiona mizizi imetokeza wanamwaga udongo juu mpaka unafunika shina. Gome likizikwa linaoza, mti unaanza kukauka juu hujui kwa nini. Usikate na mizizi minene pia, ndiyo inayoushikilia mti masika upepo ukija. Unachoweza kufanya ni kuupunguza matawi, ila siyo sasa hivi. Juni mpaka Agosti ndo unachanua, ukikata sasa umekata maembe yako. Subiri mvune, Februari hivi kabla ya masika, uite mtu anayejua apunguze matawi ya ndani yaliyosongamana na yale ya chini, isizidi robo ya mti. Mwanga unaanza kupita vipande vipande na hewa inazunguka. Avae nguo za mikono mirefu, utomvu wa mwembe unaunguza ngozi hasa kovu lake likiwa bichi.

Sasa vya kupanda. Ukiacha kutaka nyasi una vitu vingi sana. Sneki planti zinakaa popote, kavu au kivuli, hata ukizisahau. Spaida planti pembeni mwa njia zinajaza haraka na zinazaa vitoto unavigawa bure. Zebrina ile yenye mistari ya zambarau na fedha inatambaa kama zulia, hiyo ndio nampa kila mtu anayelia na nyasi, ila haitaki kukanyagwa. Feni za majani (fern) pale panapobaki unyevu karibu na bomba la jikoni. Kaladiamu zina rangi nzuri nyekundu na nyeupe, kiangazi zinapotea ardhini usidhani zimekufa, mvua ikija zinachomoza. Monstera kubwa ukutani kwa jirani ipande juu. Usichimbe shimo kubwa chini ya mwembe, tafuta nafasi kati ya mzizi na mzizi, chimba kwa sepeto ndogo ya mkono, weka mche mdogo na mboji kidogo. Mche mdogo unashika kuliko mkubwa kwa sababu hauhitaji kukata mizizi ya watu.

Kisimani_Nairobi

Huku Nairobi ni hivyo hivyo na ile nyasi ya Kikuyu, chini ya miti inaisha. Mimi niliacha kupigana nayo, nikaweka mawe bapa ya kukanyaga na katikati nikajaza spaida planti. Miaka mitatu sasa sijakata nyasi na sijajuta.

Mama_Pacha

Samahani, huyo aliyetaja kaladiamu na monstera aongezee kwamba zina utomvu unaowasha. Ni kitu kile kile kinachowasha koo ukila gimbi ambalo halijaiva, vichembe kama sindano. Mwanangu alitafuna jani la difenbakia akiwa na mwaka mmoja na nusu, mdomo ulivimba akawa anatoa mate tu hawezi kulia vizuri, tulikimbia naye hospitali usiku, alipona lakini sijasahau ile sauti. Kama kuna mtoto anayetambaa weka hizo juu kwenye vyungu au nyuma kabisa, mbele weka spaida planti na feni.

Miche_Bora

@Mama_Pacha asante sana, ilibidi niseme mimi. Na maniplanti iweke kundi hilo hilo.

Mzee_wa_Makunduchi

Assalaam alaykum. Mwanangu nimesoma yote, na haya ya jua yamenifurahisha, lakini nataka nikuulize kitu kimoja, nani kakwambia uwanda lazima uwe na nyasi?

Sisi tumekulia uwanda wa mchanga. Alfajiri baada ya sala unasikia chelewa, shwaa, shwaa, mama anaanzia mlangoni anarudi kinyumenyume mpaka kwenye mti ili asikanyage alipokwisha fagia, na ile mistari ya chelewa inabaki juu ya mchanga imepindana kama ukili. Mtu wa kwanza kupita unaiona nyayo yake. Nyoka akipita usiku unaona alikopita, hilo nyasi haikupi. Chini ya mwembe palikuwa na mkeka, na kinu, na bao, na hapo ndipo nazi zinakunwa na ndipo watoto wanasoma. Mvua ikinyesha mchanga unakunywa maji, baada ya nusu saa unatandika tena mkeka. Tope linakuja unapoweka udongo mweusi juu ya mchanga, kama ulivyofanya wewe kwa nia njema.

Na kivuli hicho unachokilalamikia, wenye jua wanakitafuta kwa pesa. Nenda Mji Mkongwe uone nyumba za kale, ua upo katikati, kuta ndefu kila upande makusudi jua lisifike chini, sakafu imesakafiwa, kuna vyungu na maji, adhuhuri ya Januari nje watu wanahema, ndani ya ua pana ubaridi. Hivyo ndivyo watu wa pwani walivyojenga kwa akili zao.

Kwa hivyo ondoa ule udongo mweusi chini ya mwembe, polepole kwa mkono usiumize mizizi, upeleke kwenye vyungu vyako. Tandaza mchanga mwembamba, kiasi cha vidole viwili tu ili mizizi ipumue, usiufikishe kwenye shina. Mama yake mumeo atapenda, ikiwa ni mtu wa kushinda nje basi ufagio ataushika mwenyewe.

Mama_wa_Uani

Shikamoo mzee wangu. Umenikumbusha nyumbani kwa bibi Kilwa, nimekaa hapa nimesoma mara mbili. Na kweli, yeye mkwe anatoka Lindi, huko uwanja ni wa kufagia.

Mzee_wa_Makunduchi

Marahaba mwanangu.

Kijana_Muheza

Mimi nimekulia Muheza karibu na milima ya Usambara, kule kila kitu kinaishi chini ya kivuli. Iliki inalimwa chini ya miti mikubwa, pilipili manga inapanda kwenye shina la fenesi au mti wowote. Kwa Dar iliki itakusumbua, inapenda ubaridi na unyevu wa mlimani, ila pilipili manga inawezekana kabisa, chukua kipande chenye vifundo vitatu vinne, pandikiza hatua moja kutoka kwenye shina la mwembe upande unaopata mwanga wa asubuhi kidogo, ielekeze itambae yenyewe. Usitegemee kuvuna mapema lakini inapendeza majani yake. Manjano na tangawizi nazo zinavumilia kivuli cha nusu nusu, kwenye viroba au vyungu, na jikoni ni hapo hapo unatoka unachimba. Gimbi pale maji ya bomba yanapopita.

Halafu kitu kinaniuma kidogo, watu tunanunua maua ya kivuli bei ghali kwa sababu yana majina ya kizungu kumbe ni ya kwetu. Ile zizi planti yenye majani mazito yanayong'aa inayowekwa maofisini ni mmea wa misitu ya Afrika Mashariki. Afrikan vayoleti inayouzwa dunia nzima kwenye vyungu vidogo asili yake ni Usambara, mbegu zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na afisa wa kikoloni, ndio maana jina lake la kitaalamu la zamani, Saintpaulia, lilitokana na jina la huyo afisa. Kule Amani, huko huko Usambara, inaota yenyewe kwenye mawe yenye kivuli karibu na maji. Ila msiende kuing'oa porini jamani, imebaki sehemu chache, na joto la Dar inateseka tu. Wewe chukua zizi planti, hiyo Dar ni kwao.

Nesi_Temeke

Naomba mnisikilize kwenye hili la mbu. Kivuli na unyevu ndipo wanapokaa mchana wale wa homa ya dengi, hawasubiri usiku. Dar tumepata mlipuko 2014 na tena 2019, tuliona wagonjwa. Ukiweka vyungu usiweke visahani chini, na kama lazima basi jaza mchanga kwenye hicho kisahani. Angalia matawi ya mwembe yenye tundu linalotuama maji. Na kama utatumia makumbi ya nazi kwenye bustani kama matandazo, yalaze kwa kufunika, mgongo juu, ukiyaweka kwa kutazama juu kila kumbi ni kikombe. Maji ya mapipa funika. Bibi atakaa hapo mchana kutwa, miguu yake iwe salama.

Fundi_Rangi

Kwenye pevingi usifunike kote, maji yatakosa pa kwenda yarudi kwenye msingi. Pevingi weka kale kamstari ka mita 2 na kitu karibu na mlango wa jikoni ambako Juni ni kivuli kizima, na uinamishe kuondoka kwenye nyumba, sentimita 1 au 2 kwa kila mita. Tumia zile zenye uso mkwaruzo, kwenye kivuli zile laini zinaota utando wa kijani, mtu mzima akiteleza hapo ni nyonga. Mchanga uanzie pevingi zinapoishia.

Mama_wa_Uani

Wapendwa nimerudi, nimepima jumamosi kama nilivyoelekezwa, watoto ndio walikuwa wanashika chokaa. Matokeo: karibu na jikoni jua halikuingia kabisa, hata dakika. Chini ya mwembe ni vile vimwanga vidogo tu vinavyochezacheza. Ila katikati kuelekea kusini kuna kipande kama mita 4 kwa 6 kilipata jua tangu saa nne na nusu mpaka saa tisa kasoro, hapo ghorofa likalichukua. Nimehesabu ni masaa manne na kidogo. Nimekaa hapa siku zote nilikuwa sijui kama uani kwangu ni sehemu tatu.

Kwa hiyo tumekubaliana na mzee nyumbani, mwembe unabaki, Februari tutaupunguza. Jikoni pevingi za mkwaruzo. Hicho kipande cha katikati nitajaribu nyasi ya Pemba, kidogo tu kwanza, watoto wapate pa kugaragara. Ukutani kwa jirani monstera na nyuma yake zizi planti, mbele spaida planti maana nina mtoto wa miaka miwili. Pilipili manga nimeshaahidiwa vipande na mama mmoja kanisani. Na chini ya mwembe mchanga. Jana tumeanza kutoa ule udongo mweusi kwa mikono, chini yake nimekuta mchanga mweupe wa zamani, msafi kabisa, upo tu umelala miaka yote hiyo. Nimeshindwa kusubiri, asubuhi nimefagia kile kipande kilichokuwa wazi. Mkwe anafika alhamisi.

Swali moja tu limebaki, mchanga wa kuongezea nichukue wa mto au wa bahari?

Mzee_wa_Makunduchi

Wa mto, mwanangu. Wa bahari una chumvi, mwembe hautaupenda, na kuuchota ufukweni ni kuharibu pwani. Uchekeche kwanza utoe kokoto, yeye atakaa peku.

Mpima_Viwanja

Safi sana dada. Ile michoro ya chokaa ya jumamosi ihamishie ukutani kwa rangi, vialama vidogo tu vya wapi kivuli kilifika saa sita, andika Juni. Desemba rudia tena siku moja kabla hujaongeza nyasi yoyote, halafu utuwekee picha hapa.